Maua Chini ya Mti wa Gernot

Watu wetu hawajui kuliacha kaburi lipumzike. Kaburi la Mjerumani wa kijijini ni kama sebule: lina zulia la maua, lina taa, linafagiliwa, na magugu mawili tu yakiota kando ya jiwe, mtaa mzima utajua kwamba watoto wa marehemu wamemtupa baba yao. Ndiyo maana kazi yangu haiishi. Mimi ni mlinzi wa msitu wa maziko wa Hainbach. Kwetu hapa majivu ya marehemu hutiwa kwenye chungu kinachooza, yakafukiwa chini ya mti aliojichagulia mwenyewe, na sharti ni moja: usilete kitu. Usilete mshumaa, wala ua, wala malaika wa plastiki. Msitu wenyewe ndio unaotunza. Wafiwa wanasikiliza, wanapangusa macho, wananiambia, "Ni jambo zuri sana hili, Bwana Rehbein." Wiki inayofuata nakuta malaika.

Kila Jumatatu nazunguka na gunia nikiwakamata. Malaika, taa za betri, mioyo ya kioo, mara moja hata chupa ya bia iliyojaa, ambayo niliikamata kwa moyo mkunjufu kuliko vyote.

Zamani nilikuwa mkata miti. Kisha siku moja ya jua kali, hakuna hata upepo wa kutikisa jani, tawi la mbuche likaniangukia. Ndivyo mbuche ulivyo, mti mkubwa wenye gome la kijivu laini kama ngozi ya tembo: unapendeza, unatulia, na haubishi hodi. Nilitoka hospitali mguu mmoja ukiwa mfupi kuliko mwenzake, nikakuta mke amehamia kwa fundi aliyekuwa akitunolea misumeno. Halmashauri ya kijiji ikanihurumia, ikanipa kazi ya wafu. Sina malalamiko. Wafu ni watu waungwana. Wenye matata ni jamaa zao.

Katika jamaa wote hao, sikuwa na shaka hata kidogo na Bibi Roswitha Knierim. Alikuwa amestaafu upishi wa shule, amepita miaka sabini, mwili mdogo, sauti ya kuita watoto mia waje kula. Mumewe Gernot, aliyekuwa tarishi wa posta, alizikwa chini ya mbuche mkongwe kwenye kona ya kaskazini, karibu na kijito. Nafasi iliyo kando yake ilikuwa ya Bibi Knierim mwenyewe. Walinunua pamoja, Gernot akiwa bado hai, na siku ile walibishana mbele yangu nani atalala upande wa kijito.

"Mimi nakoroma," alisema Gernot. "Wewe lala mbali, usikie maji."

Kila Alhamisi Bibi Knierim alikuja na mfuko wake na chupa ya chai. Nilikuwa namchokoza pale getini.

"Gernot hajambo?"

"Hajambo. Kanyamaza tu, kama alivyokuwa ndoani."

"Msalimie."

"Msalimie mwenyewe, una midomo."

Basi hivyo ndivyo tulivyoishi, miaka michache, hadi ule mti ukaanza kulia.

Nauita kulia kwa sababu sina neno jingine. Chini ya shina, usawa wa goti, gome lilitoa madoa meusi yanayochuruzika, kama mtu amelipaka lami kisha akajuta. Nikatazama juu. Mwezi Juni mbuche mzima hauonyeshi mbingu, majani yanabanana kama watu sokoni. Huu ulikuwa na matundu. Majani yalikuwa madogo na ya manjano, na ncha za matawi zilibaki tupu kama vidole.

Nikampigia simu Daktari Svantje Ohlrogge wa taasisi ya misitu, mwanamke mrefu wa pwani ya kaskazini, anayetembea kama anapanda mashua hata pakiwa pakavu. Alipofika, kabla ya kusema lolote alinifanya nisimame ndani ya beseni la dawa, akanisugua viatu kwa brashi.

"Daktari, hata mama yangu alikoma kunisugua nilipokuwa na miaka minne."

"Mama yako alikata tamaa mapema," alisema. "Huu ni ugonjwa wa udongo, Rehbein. Unasafiri kwa viatu. Ukikanyaga hapa kisha ukakanyaga pale, umeupa lifti."

Alichota udongo kuuzunguka mti, akautia kwenye trei katika banda langu la zana, akaufunika kwa maji, akaelezesha juu yake majani machanga. Nikamuuliza kama anapika supu.

"Naweka chambo," alisema. "Kimelea kikiwamo humo kitatoka, kitaogelea juu, kitalishambulia jani."

"Kitaogelea?"

"Watu hudhani ni kuvu. Kinafanana na kuvu kama binamu wa mbali, lakini ukoo wake ni wa majini. Mbegu zake zina vimkia. Ardhi ikilowa zinaogelea hadi kwenye vijizizi vyembamba, vile mti unavyonywea, na kuvila kimoja kimoja. Juu mti unaonekana mzima mwaka, miaka miwili. Chini umebaki na meno matatu."

Baada ya siku chache majani yale yalikuwa na madoa ya kahawia. Daktari akayatazama kwa darubini yake, akapumua kwa nguvu, tukarudi kwenye mti kutafuta ugonjwa umeingilia wapi. Ndipo alipopiga magoti upande wa nyuma, kati ya mizizi miwili mikubwa, akaondoa majani makavu yaliyopangwa vizuri mno, vizuri kuliko upepo unavyoweza kupanga.

Chini yake palikuwa na erika.

Kila mtu kwetu anaijua erika, kile kichaka kifupi chenye maua ya zambarau kinachojaa madukani ikifika Oktoba, kwa ajili ya makaburi. Hiki kilikuwa kimekauka. Pembeni yake palikuwa na kisiki cha kingine, na kingine, vyote vimekufa, kila kimoja kimepandwa na bonge lake la udongo mweusi wa kitaluni.

"Vilikufa kwa ugonjwa uleule," alisema daktari. "Miche ya vyungu husafiri nchi nzima, na vimelea vinasafiri nayo bila tiketi. Mmoja ukifa, mtu analeta mwingine. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ulivyoingia. Ungeweza kuja na viatu au nguruwe pori, hata na changarawe za barabara. Lakini ukiniuliza, nitakuonyesha hapa."

Sikuwa na haja ya kuuliza ni nani.

Daktari aliinuka akapangusa magoti. "Kona hii ifungwe. Mti hauponi, na matawi yake yatadondoka, wewe unajua. Na asichimbe mtu tena hapa. Kila koleo la udongo litakalotoka ni mbegu."

"Kuna mwenye nafasi hapa."

"Apewe mti mwingine."

"Mumewe yuko hapa."

"Basi ahamishwe mumewe."

"Daktari, nchi hii unaweza kuhamisha kanisa ili kupitisha barabara. Marehemu aliyezikwa humhamishi. Sheria haikubali, na hata ingekubali, chungu chenyewe kimeshaoza."

Si mtu mbaya, Svantje Ohlrogge. Alikuwa tu amezoea kushughulika na miti.

Halmashauri ilikaa kikao Oktoba, ikamuunga mkono. Kona ya kaskazini ikafungwa kwa kamba, na mimi nikatumwa kumweleza Bibi Knierim kwamba hatalala kando ya mumewe.

Nilikwenda kwake kwa miguu ili nichelewe. Njiani nilitunga uongo mzuri sana. Nguruwe pori! Daktari mwenyewe alisema inawezekana. Nguruwe katoka bonde la pili, kwato zimejaa matope, akajikuna kwenye mti wa Gernot, basi, ajali ya msitu, hakuna wa kulaumiwa. Nilimpenda yule nguruwe. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshampa hadi rangi.

Bibi Knierim alinifungulia akiwa na aproni, nyumba yote inanukia siagi.

"Bwana Rehbein! Umekuja na mguu huo? Ingia. Usikalie hicho kiti cha Gernot, mguu wake mmoja mbovu."

"Basi ndicho changu. Tutaelewana."

Alicheka, akanikatia keki ya plamu iliyokuwa bado moto, akaketi mbele yangu, mikono mezani, akanitazama.

"Sema. Uso wako umekunjamana kama soksi."

"Mti wa Gernot unaumwa."

"Najua. Umelia tangu masika. Nilidhani ni kiu, kwa ule ukame uliopita. Nikauongezea maji."

Niliirudisha keki sahanini. Ule mfuko wa kila Alhamisi! Nilikuwa nikiutazama miaka yote nikidhani una kitambaa cha kufuma.

"Umeongeza maji," nilisema.

"Chupa mbili, tatu. Usinitazame kama polisi wa barabarani. Maji si kitu, mvua pia ni maji."

Nikafungua kinywa nimtoe nguruwe wangu. Na hapo ndipo nilipoona, kupitia mlango wa kioo, kule barazani. Trei. Erika zimepangwa safu, mbichi, zambarau inawaka, bado na vibandiko vya duka. Hazikuwa erika za mtu mmoja.

"Bibi Knierim, hizo zote za Gernot?"

Aligeuka, akazitazama, akarudi kwangu, na masikio yake yakawa mekundu kama ya mtoto aliyekutwa na sukari.

"Za Gernot ni moja," alisema polepole. "Nyingine ni za wale wasio na mtu. Yule mwalimu wa muziki, hajatembelewa hata mara moja. Na yule mama kutoka Poland. Nawapitia tu. Naficha vizuri, huwezi kuona."

Nguruwe wangu alikufa palepale mezani. Nikimtetea, Alhamisi ijayo trei nzima itaingia msituni.

Nikamwambia. Sikujua njia laini, nikamwambia kama mtu anavyong'oa plasta: erika, udongo wa kitaluni, kile kimelea chenye mikia, maji. Nilimweleza na yale ya daktari, kwamba hakuna awezaye kuapa. Aliyapungia mkono kama anafukuza nzi. Kisha nikamwambia kuhusu kamba, na kwamba hapachimbwi tena.

Hakulia. Aliinuka akazima jiko, ambalo lilikuwa limeshazimwa.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeua mti wake."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema, una adabu. Unajua kwa nini Gernot alitaka msituni? Utoto mzima mama yake alimbebesha ndoo. Kila Jumamosi, maji ya kaburi la babu, la bibi, la shangazi aliyekuwa akimpiga. Akaniambia, Roswitha, mimi nikifa asinibebee mtu maji. Niapie. Nikaapa." Alikaa tena. "Na wifi yangu, mwezi wa kwanza tu, ananiuliza mbele ya watu dukani: kaka yangu umemfukia kama paka, hata ua hana? Nikasema nimeheshimu neno lake. Nikatoka dukani na erika mkononi. Nitafanya nini, Bwana Rehbein? Miaka arobaini na sita nilimpikia, nilimfulia, nilimshonea vifungo. Ghafla mikono haina kazi."

Nilitafuta mzaha. Huwa ninao wa kila tukio, hata siku ya talaka nilikuwa nao. Siku ile mfuko ulikuwa mtupu.

"Na mahali pangu?" aliuliza. "Pale pa upande wa kijito?"

"Wamekupa uchague mti wowote msituni."

"Sikuolewa na mti wowote."

Alifungua aproni akaitundika msumarini.

"Haya. Twende nikakuonyeshe wale wengine, kabla nao hawajaanza kulia. Lete hilo beseni lenu."

Tulikwenda mchana uleule, mimi, yeye, na Daktari Ohlrogge aliyekuja mbio na mifuko yake ya udongo. Getini daktari alimsugua Bibi Knierim viatu kwa heshima kubwa, na tukavisugua tena kila tulipotoka mti mmoja kwenda mwingine. Bibi Knierim hakuficha hata mmoja. Alituonyesha mti wa mwalimu wa muziki, wa mama wa Poland, wa pacha waliozikwa pamoja, wa mzee mmoja asiyejulikana na mtu yeyote isipokuwa yeye, kwa sababu alikuwa amesoma jina lake kwenye kibao akaamua kwamba lazima alikuwa anapenda zambarau. Kila mahali alipiga magoti, akafunua majani, akasema, "Hapa." Sauti yake ya kuita watoto mia ilikuwa imebaki ya kuita mmoja.

Kwenye mti wa mwisho daktari aliketi chini kando yake.

"Bibi Knierim, ungeweza kunyamaza."

"Na wao wangekufa."

"Miti, ndiyo."

"Miti, watu. Binti yangu, mimi kwa sasa sitofautishi."

Trei zilirudi tena bandani, safu nzima, na majani ya chambo juu yake. Bibi Knierim alikuja kila asubuhi kuzichungulia, kama mtu anayengoja mikate ivimbe. Majani ya mama wa Poland yakapata madoa, na mti wake nao ukafungwa kwa kamba. Ya wengine wote yakabaki kijani kibichi. Ule udongo wa erika ulichimbuliwa wote ukafungwa ndani ya mapipa, na miti ile mingine ikapona kabla haijaugua.

Hayo ndiyo aliyoyasema Daktari Ohlrogge mbele ya halmashauri, kwa sauti ya mtu aliyezoea upepo wa baharini. Kwamba mwanamke mmoja ameokoa sehemu kubwa ya msitu kwa kufungua kinywa. Na kwamba yeye, daktari, alifanya haraka kusema hapachimbwi tena.

"Kimelea hiki kinataka matope," alisema. "Udongo uliolowa unanata kwenye koleo na kwenye kiatu. Ardhi ikiganda kama mawe hakuna kinachonata. Kikichimbwa kishimo kimoja tu, na koleo lisitoke pale, na udongo wote ukarudishwa palepale, mimi nitaweka sahihi yangu."

Mwenyekiti akauliza je, kama bibi akifariki wakati wa mvua.

"Majivu hayaozi," nilisema kutoka nyuma. "Yatasubiri."

Walinitazama vibaya, lakini wakapitisha.

Mwanzoni mwa Desemba wakaja wapanda miti wakaukata mbuche wa Gernot kutoka juu, kipande kwa kipande, hadi likabaki shina tupu, refu kama nyumba ya ghorofa moja, lisiloweza kumwangukia mtu. Matawi yote yaliachwa ndani ya kamba, yaoze hapohapo. Bibi Knierim alitazama kutoka njiani, mikono mifukoni, mpaka misumeno ilipozimwa.

"Sasa kimya chake kimezidi," alisema.

"Ndege vigogota watahamia. Atapata kelele."

"Hatapenda. Haya, nieleze tena masharti yangu, taratibu."

"Masharti ni mepesi. Huna ruhusa ya kufa wakati wa mvua."

"Na nikifa Novemba?"

"Utakaa kabatini ofisini kwa halmashauri hadi ardhi igande."

"Kabati lenyewe lina dirisha?"

"Halina. Lakini liko karibu na mashine ya kahawa."

Alicheka kwanza. Kicheko kikamgeuka katikati, akashika mkono wangu, akaushika kwa nguvu ya mtu aliyebeba masufuria ya shule nzima, tukasimama hivyo tukitazama lile shina hadi akamaliza kulia. Kisha akanipa leso yake, kwa sababu nami, kumbe, nilikuwa naihitaji.

Upande ule wa kijito theluji ya kwanza ilikuwa imeshika kidogo. Bibi Knierim alinyoosha mguu juu ya changarawe za njia, hakuvuka kamba, akagonga ardhi kwa kisigino mara kadhaa akisikiliza.

"Imeganda?"

Nikaigonga na mimi, kwa ule mguu wangu mfupi. Ilibonyea.

"Bado."

"Basi leo sifi," alisema, akatangulia kuelekea getini.